Nchi Ambako Habari Haitangulii Miguu

Leo ni Jumanne, tarehe 14 Mei, mwaka 2019. Ninaandika haya kwa mkono wangu, katika daftari lile lile ninalolitumia kwenye darasa letu la watu wazima, kwa sababu kikundi chetu cha akina mama wafugaji kilinituma, na aliyetumwa sharti arudishe majibu. Nilitumwa kutazama jinsi biashara kongwe inavyopokea mitambo mipya ya mawasiliano, ili nasi tujue la kufanya na jengo letu la maziwa, ambalo limeanza kupitwa. Nchi niliyotumwa inaitwa Rambwe. Njia ya kufika huko sitaieleza, maana njia haikunifunza kitu. Nitaanza pale nilipoketishwa.

Wafugaji wa Rambwe hupeleka maziwa yao katika vituo saba vya vilimani, na vituo vyote saba huyapeleka mahali pamoja, Nyumba ya Maziwa. Hilo ni jengo la mawe lenye umri wa miaka sitini na mitatu. Ndani yake mna tangi moja kubwa la chuma, refu kuliko nyumba yangu, na maziwa ya nchi nzima humiminwa humo, yakachanganyika, yakachemshwa, yakapozwa, kisha yakapelekwa hospitali ya watoto, ambayo ndiyo mnunuzi wao mkubwa. Kaya mia nne na kumi na mbili zinaishi kwa tangi hilo.

Aliyenieleza hayo ni Bi. Zamda, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, ambaye kwa miaka kumi na minane ameishika koki ya tangi. Yeye ndiye anayefungua ili maziwa yaingie, na yeye ndiye anayefunga. Alinieleza pia kwamba mwezi uliopita hospitali ilileta barua. Maziwa yalikuwa yamefika mabovu mara mbili. Yakifika mabovu mara ya tatu, barua ilisema, hospitali itanunua kwa watu wa Ng'ambo.

"Watu wa Ng'ambo ni akina nani?" nikamuuliza.

"Watoto wetu," akajibu. "Walikuwa hapa hapa. Walitaka mambo yaende upesi, wakaambiwa wakae. Wakaondoka. Sasa hawana jengo, hawana tangi, kila mmoja ana kioo chake mkononi. Ng'ombe akikamuliwa, kioo kinasema, mtu anakuja, debe linaondoka. Wanajua hata jina la ng'ombe, mama! Hospitali inapenda hivyo."

"Nanyi hamna vioo?"

Alicheka, lakini si cheko la furaha. "Vioo tunavyo. Kawaulize wenyewe vinafanya nini. Mimi ninachojua ni kwamba tangi hili likifungwa, mimi na ng'ombe wangu sita hatuna pa kwenda. Huko Ng'ambo hawamchukui mtu asiyejua kutumia kioo, nami kwa umri huu nani atanifunza?"

Basi nikapelekwa kwa mwenye vioo. Katika Rambwe kuna cheo kinachoitwa Mkurugenzi wa Mambo Mapya, na mwenye cheo hicho ni Bwana Mwinyikombo, mtu mnadhifu, mpole, mwenye sauti ya kutuliza wagonjwa. Alinikaribisha chai. Akaniambia kwa fahari kwamba Nyumba ya Maziwa imekwisha kununua vioo kumi na vitano, kila kimoja kikubwa kama meza ya kulia, viwili kwa kila kituo, na kimoja, Kioo Kikuu, cha hapo hapo Nyumbani. Siku vilipoletwa, alisema, palichinjwa ng'ombe, na wazee wa Baraza la Nyumba walipita mmoja mmoja kuvigusa kwa kiganja cha mkono wa kulia.

"Na vinafanya kazi?" nikauliza.

"Vinafanya kazi kwa heshima," akajibu.

Hapo ndipo aliponisomea Sheria ya Mwendo. Ni sheria fupi. Inasema: Habari haitatangulia miguu. Maana yake ni kwamba tangu Nyumba ilipojengwa, habari za vituoni zimeletwa na matarishi wanaotembea, na tarishi anapofika na kutamka ndipo habari inapokuwa habari. Kioo kimeruhusiwa kutuma ujumbe. Ujumbe unaweza kufika kwa kupepesa jicho. Lakini hautasomwa na yeyote mpaka tarishi aliyeondoka kituoni saa ile ile ulipotumwa awe amefika kwa miguu yake, amekunywa maji, amesimama mbele ya kioo, na kuthibitisha.

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamtazama usoni, nikaona hapana.

"Bwana Mkurugenzi," nikasema, "kama ni kumngoja tarishi, kioo ni cha nini?"

"Mama yangu, wewe umeuliza swali walilouliza vijana wale. Walikuwa na haraka. Sisi tuna matarishi thelathini na wanane. Wana watoto. Mkuu wao, Mzee Ngwali, ametutumikia miaka arobaini na mmoja. Unataka nimwambie kwamba kipande cha kioo kimemshinda? Mbele ya wajukuu zake? Tumekipokea kioo bila kumwaibisha mtu. Ziko nyumba ngapi duniani zilizoweza hilo?"

Ninakiri kwamba maneno yake yaliniingia. Hata nilipouliza kwa nini basi tarishi asipande lori la maziwa, akafika mapema, alinijibu bila kukasirika kwamba utarishi ulikuwapo kabla ya lori. Lori lilipoletwa, Baraza lilijadiliana miaka kumi na mmoja, likakata shauri kwamba lori lichukue maziwa wala lisichukue habari. Sasa Baraza limo katika mjadala mwingine, mwaka wa nne huu, kuhusu viatu. Upande mmoja unataka matarishi wanunuliwe viatu vyepesi ili kioo kiende kasi zaidi. Upande wa pili unasema viatu vyepesi ni mlango wa kuingizia fujo. Alinionyesha kumbukumbu za mjadala huo, mabuku saba, yamejaladiwa vizuri.

"Na Mzee Ngwali mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

Bwana Mwinyikombo alishangaa kidogo. "Kuhusu nini?"

"Kuhusu kioo."

"Hatukutaka kumsumbua," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilipelekwa chumba cha Kioo Kikuu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kina zulia na maua ya karatasi. Kioo kilikuwa juu ya meza, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa ndege wawili, kama vile tunavyofunika redio nyumbani tukiwa na wageni. Kando yake aliketi Bi. Chausiku, Mtunza Kioo. Kazi yake ni kukifuta vumbi kila asubuhi, na kengele ikilia, kuhakikisha kitambaa kimekifunika sawasawa mpaka tarishi afike.

Bi. Chausiku ni mcheshi. Alinipisha nusu ya benchi lake, akanimegea kipande cha muhogo. Nikamwuliza alipataje kazi nzuri kama ile.

"Kwa bahati, shoga yangu. Walitangaza kwamba anatakiwa mtu asiyejua kusoma. Tulikwenda kumi na tisa. Wakatuwekea karatasi mbele, wakatutazama macho. Wenzangu macho yao yalikimbia kwenye mistari, wakafukuzwa. Mimi nilitazama karatasi kama ninavyotazama ukuta." Akajigonga kifua. "Nikapasi!"

Alicheka mpaka akapaliwa na muhogo. Nami nilicheka, kisha nikaacha. Nimekaa miaka hamsini na mmoja nikitazama karatasi kama ukuta. Nilijifunza kusoma miaka miwili iliyopita, kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Tangu nilipofika Rambwe hakuna aliyeniuliza kama najua. Waliona kitenge changu na miguu yangu, wakajijibu wenyewe.

Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi, Bi. Chausiku amekitoa kitambaa ili afute vumbi, kengele ikalia. Kioo kikawaka. Maneno yakatokea, meusi, makubwa. Yeye aligeuka kukichukua kitambaa alichokuwa amekitundika dirishani, na katika muda huo mfupi mimi nilisoma. Kulikuwa na mistari mitatu. Kituo cha Nguu. Ng'ombe wametibiwa kiwele, maziwa yao yana dawa. Madebe ya Nguu yasiingie tangini.

Kitambaa kikashuka. Ndege wawili wakatulia mahali pao.

"Bi. Chausiku," nikasema, "umeona kilichoandikwa?"

"Sijaona kitu, na wewe hujaona kitu. Kula muhogo."

Nikamweleza. Akainuka, akasimama katikati yangu na meza. Nikamwomba aniinulie kitambaa tena, nisome mara ya pili, nipate uhakika. Akatikisa kichwa. Nilimsihi. Hatimaye alisema kwa sauti ya chini, bila ule ucheshi wake:

"Mwenzangu, kazi hii nimepewa kwa kutojua kwangu. Ukinijulisha leo, kesho nitakula nini? Nenda zako. Sikukuona ukitoka."

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Mwinyikombo, nikaketishwa kungoja zamu yangu mpaka saa sita ikakaribia. Nikamwambia habari yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mama, unajua kusoma?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Hongera sana," akasema, na nadhani alisema kwa moyo. "Lakini ulichokisoma bado si habari. Tarishi wa Nguu leo ni Mzee Ngwali mwenyewe. Aliondoka saa tatu. Atafika saa kumi na moja jioni, Mungu akipenda. Akithibitisha, nitakuwa wa kwanza kuchukua hatua."

"Na lori lenye maziwa ya Nguu linafika saa ngapi?"

"Saa sita."

"Bwana, huoni?"

"Ninaona, mama," akasema. "Ndiyo maana tuna kamati ya viatu."

Alinisindikiza hadi mlangoni kwa adabu, akanifungulia.

Basi nikakimbia uani, kwenye tangi. Lori lilikuwa limekwisha kufika na madebe yanashushwa, madebe ya vituo vyote, na yale ya Nguu yamepakwa alama yao ya rangi ya samawati. Nikamwuliza dereva kama kuna lolote alilosikia Nguu asubuhi ile. Alitazama magurudumu ya lori lake. "Mimi ni wa maziwa, mama. Habari si mzigo wangu." Akapanda, akafunga mlango.

Bi. Zamda alikuwa juu ya ngazi, mkono uko kwenye koki. Nikapanda ngazi nusu, nikamwambia. Nilimwambia maneno yale yale niliyoyaona, mstari kwa mstari. Hakubisha. Aliyatazama madebe ya samawati, akanitazama mimi, na nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo.

"Nikifunga koki bila habari iliyothibitishwa," akasema, "ninafukuzwa leo leo, na ng'ombe wangu hawapokelewi tena kituo chochote. Hiyo ni sheria. Nikifungua, na maneno yako ni kweli, hospitali inatuacha sote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nitazame. Sikuulizi kama wewe ni mwema, naona u mwema. Ninakuuliza, una hakika umesoma sawasawa? Weka mkono kifuani uniambie, nami nitafunga."

Msomaji wangu, ninaandika sehemu hii polepole. Nilikuwa nimesoma sawasawa. Leo najua. Lakini nilisoma mara moja tu, upesi, bila kidole, bila mwalimu, katika nchi ya watu, na dakika chache nyuma mtu mnadhifu alikuwa amenipa hongera kama anavyopewa mtoto aliyefunga kamba za viatu. Nikajiona pale darasani, siku zile nilipokuwa nikisoma kwa kukisia na wenzangu wanacheka. Nikafikiri: kama nimekosea, mwanamke huyu atapoteza kila kitu kwa ajili ya kubahatisha kwangu.

Mkono niliuweka kifuani. Nikasema, "Nadhani."

Bi. Zamda aliinamisha kichwa.

"Nadhani," alirudia taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kitu kiganjani. "Sheria yao haisemi nadhani, dada yangu."

Akafungua koki. Maziwa ya Nguu yakaingia pamoja na ya wengine, meupe kama ya wengine, na hakuna jicho ambalo lingeweza kuyatenga tena.

Saa kumi na moja kasoro robo Mzee Ngwali alifika. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, magoti yamevimba. Watu wote walisimama.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba, marahaba. Nipeni maji."

Alikunywa, akaingia chumba cha Kioo Kikuu, na Bi. Chausiku akakiinua kitambaa. Mzee akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, na maneno yakatoka kama nilivyoyasoma, bila kupungua wala kuzidi. Kisha akavua miwani na kuuliza, "Madebe yako wapi?"

Lori la hospitali lilikuwa limeondoka saa kumi.

Bwana Mwinyikombo alitoa amri papo hapo, kama alivyoahidi. Alimtuma mtu hospitalini, kwa miguu.

Sitaeleza ya usiku huo wala ya kesho yake. Waliolitambua tatizo ni watu wa hospitali wenyewe, walipoyapima maziwa kabla ya kuwapa watoto, na kwa hilo ninamshukuru Mungu. Maziwa ya siku nzima, ya kaya mia nne na kumi na mbili, yalimwagwa korongoni. Barua ya pili ya hospitali ilikuwa na mstari mmoja.

Siku ya tatu Baraza lilikaa. Niliruhusiwa kuketi nyuma. Lilichunguza kila saa ya siku ile kwa uangalifu mkubwa. Kioo kilituma saa tatu, sawasawa. Mtunza Kioo alifunika, sawasawa. Lori lilichukua maziwa tu, sawasawa. Mshika koki alifungua kwa kuwa hapakuwa na habari, sawasawa. Tarishi alitembea bila kupumzika na akafika robo saa kabla ya wakati wake, akapigiwa makofi. Baraza likaandika kwamba hakuna aliyechelewa. Likaandika pia kwamba kwa kuwa mambo yameharibika baada ya vioo kununuliwa, na hayakuharibika hivyo zamani, vioo vichunguzwe.

Ndipo Mzee Ngwali akaomba kusema. Walimkatalia kwa upole, wakisema amechoka. Akasema hata hivyo.

"Mnasema mlifanya haya kwa heshima yangu. Ni nani kati yenu aliyeniuliza? Mimi najua kusoma tangu utotoni. Siku kioo kilipoletwa nilisimama pale mlangoni nikangoja mniite. Nilitaka mnipe kiti kile cha Bi. Chausiku, nikae, nisome, nitamke. Magoti yangu yamekwisha. Ningeithibitisha habari saa tatu na dakika moja. Nilingoja mwaka mzima mniite. Mkaniletea kamati ya viatu!"

Mwenyekiti akamshukuru. Akasema maneno ya mzee ni mazito sana, na kwamba yatasikilizwa rasmi yatakapoletwa kutoka kituoni kwa tarishi.

Sikucheka. Hakuna aliyecheka.

Nyumba ya Maziwa ilifunga lango siku ya tisa. Kabla ya hapo Bi. Zamda alipewa cheti cha kutii sheria, kina muhuri na utepe, na akaondolewa kazini siku hiyo hiyo kwa kuwa hapakuwa tena na maziwa. Watu wa Ng'ambo walikuja kuchukua wafugaji wao. Hawakuwa wakatili. Walimwuliza kila mmoja swali moja tu, kama anaweza kutumia kioo, na aliyesema hapana walimpita. Walikuwa na haraka.

Nilimkuta Bi. Zamda uani, amekaa kwenye ngazi ya tangi tupu. Alikuwa amekikunja kile cheti mara nne. Ng'ombe wake sita alikuwa amewapeleka mnadani asubuhi ile.

"Ulisoma sawasawa, eeh?" akaniuliza.

"Nilisoma sawasawa."

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu ulipopanda ngazi. Nilitaka tu mtu mmoja katika nchi hii aniambie kwa kinywa chake kwamba anajua." Akanipa kile cheti. "Nisomee. Wamesema ni maneno mazuri."

Nikamsomea, kwa kidole, mpaka mwisho. Sikukosea hata neno moja.

Haya ndiyo majibu niliyotumwa. Nilipoyaeleza mbele ya kikundi chetu, mwenyekiti wetu alisema ni mambo ya kusikitisha, akapendekeza tuunde kamati ndogo ya kuyatafakari, na wengi wakainua mikono. Chombo kipya cha mawasiliano tulichonunua mwaka jana kiko ofisini, juu ya kabati. Jana nilipita kukitazama. Kimefunikwa kitambaa kizuri, kilichodariziwa.

Kwa hiyo ninakuomba wewe uliyeshika karatasi hii. Usiikunje ukaiweka. Ipeleke kwa mtu mwenye duka la zamani, au chama cha zamani, au jengo la zamani analolipenda. Kama hajui kusoma, msomee wewe. Naye akikuuliza kama una hakika, weka mkono kifuani umjibu, wala usiseme nadhani.